Kifuniko cha Dawa ya Kikohozi

"Mke mwenzangu," bibi aliniambia kwenye simu, "njoo umwondoe huyu mgeni wa mume wetu. Amelala darini mwaka mzima, na mimi silali."

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na mume wao ni mmoja, babu. Babu alifariki mwaka 2021 lakini utani haukuzikwa naye. Mgeni aliyekuwa darini ni gobore lake. Kibali cha gobore hilo kilikwisha muda zamani, na mwenye kibali sasa yuko kaburini. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wenye silaha zisizo na kibali wazisalimishe kwa hiari na hawatashtakiwa. Bibi akasikia, akakata shauri. Mimi ndiye mjukuu ninayesoma historia, kwa hiyo kwa hesabu yake vitu vya zamani ni kazi yangu.

Nilipanda basi Dar es Salaam alfajiri. Ukishapita Morogoro, kabla ya kufika mji wa Mikumi, barabara ya Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Abiria waliokuwa wamelala huamka hapo. Wanachungulia madirishani, wanapiga picha twiga, wanabishana kama yule kule mbali ni nyati au kisiki. Siku hiyo tembo watatu walikuwa karibu na barabara na simu zote zikaelekezwa kwao. Mimi nilikuwa nikitazama upande wa pili. Kundi la kanga, kama ishirini hivi, lilikuwa likikimbia kwenye majani mafupi, vichwa mbele, miili kama mawe yenye madoadoa. Hakuna aliyewapiga picha. Kanga ndio niliofuata kijijini, ingawa wakati huo sikujua.

Gobore la babu likisimamishwa lilinifika kidevuni. Kitako chake kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa waya wa shaba. Chini ya mtutu kulichomekwa mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia. Kwenye bamba la chuma lililo ubavuni, karibu na nyundo, kulikuwa na herufi zilizosuguliwa na vidole vya watu wengi: O, W, E, R. Mbele ya O palikuwa na alama ya herufi nyingine iliyokwisha kufutika.

Nilipokuwa mtoto sikuziona herufi hizo. Nilichokiona ni kifuniko.

Kilikuwa kifuniko cha plastiki cha chupa ya dawa ya kikohozi, chenye mistari midogo ya kupimia. Babu alikiweka ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na kibuyu cha baruti. Nikiwa na miaka kumi na mmoja, likizo ya Juni, aliniruhusu nikishike. Bunduki yenyewe hakuniruhusu kuigusa hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kumshikia kifuniko wima wakati akimimina, na kumwambia baruti imefika mstari gani, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka.

Gobore hupakiwa kupitia mdomoni. Inatangulia baruti. Inafuata tambara au nyuzi za makumbi ya nazi za kuibana. Kisha yanaingia marisau, yaani vidonge vidogo vya risasi, na juu yake tambara jingine ili yasimwagike mtutu ukiinamishwa. Kila tabaka hushindiliwa kwa mdeki. Risasi moja kubwa ni ya mnyama mkubwa, lakini kwa ndege hutumika marisau, kwa sababu ndege ni mdogo na mwindaji anahitaji vidonge vingi vinavyokwenda pamoja kama kundi la nyuki.

Shida ni kwamba kundi hilo halikai pamoja. Marisau yakitoka mdomoni mwa mtutu huanza kuachana. Hatua kumi mbele yamejaa kiganja, hatua arobaini mbele yamejaa mlango. Kanga ana uzito wa kilo moja na ushee, na sehemu kubwa ya anachokuonyesha ni manyoya. Marisau yakitawanyika mno, atapita katikati yake akiwa mzima, au ataondoka na kidonge kimoja tumboni akafie kichakani ambako hakuna atakayemla ila fisi. Babu aliichukia hiyo ya pili kuliko kukosa kabisa.

Kwa hiyo alipima. Alichukua kiroba cheupe cha unga akakitundika kwenye shina la mwembe. Akachukua ungo wa bibi, akaubandika juu ya kiroba, akauzungushia mkaa ukabaki mduara. Akahesabu hatua ishirini na tano, akapiga. Tukaenda pamoja kuhesabu matundu yaliyo ndani ya mduara na yaliyo nje. Kisha akapunguza baruti mstari mmoja, akapiga tena kwenye kiroba kingine. Kisha akabadilisha tambara akatumia makumbi. Bibi alitoka jikoni akaona ungo wake una masizi pembeni, akasema maneno ambayo siyaandiki hapa.

"Mke wangu," babu aliniambia siku hiyo, "bunduki ina tumbo kama mtu. Hii hapa haipendi kushiba. Ukiishibisha baruti inatapika marisau huku na huku. Ukiinyima, yanafika kwa kanga yamechoka. Lazima ujue tumbo lake."

Nilihesabu matundu, nikamtajia namba, akatikisa kichwa. Hakuandika popote. Mwishoni alichukua kisu akakata alama ndogo kwenye kifuniko, palipo na kiasi ambacho bunduki ile ilikipenda.

Nilikumbuka ile siku ya kiroba na ungo miaka mingi baadaye, maktabani, nikiwa nasoma habari isiyohusiana na Kilosa. Nilikuwa nikitafuta historia ya biashara ya silaha, nikajikuta kwenye maelezo ya wawindaji wa bata mzinga wa Marekani. Bata mzinga wa porini ni ndege mkubwa, dume lake hufika kilo nane au kumi, na manyoya ya kifuani mwake ni kama ngao. Wawindaji wake hulenga kichwa na shingo tu, shabaha isiyozidi upana wa mkono. Kwa sababu hiyo wao, kuliko wawindaji wengine wote wa ndege, wanahangaika na jinsi marisau yanavyokaa pamoja.

Dawa waliyoipata ni kubana mdomo wa mtutu. Mtutu wa bunduki ya marisau iliyozoeleka una upana wa ndani wa milimita 18 na nusu hivi. Ukiubana kidogo pale mwishoni, kwa milimita moja tu, marisau hutoka yakiwa yamesogezwa pamoja na yanachelewa kuachana. Ni kama kubana mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani ili maji yaende mbali. Mawazo ya namna hiyo yalisajiliwa kuwa hataza mwaka 1866, upande wa Marekani na Sylvester Roper, upande wa Uingereza na William Rochester Pape. Katika miaka ya 1870 fundi wa Birmingham aitwaye W. W. Greener aliifanya mibano hiyo iaminike kibiashara. Siku hizi mbano ni kipande kidogo cha chuma kinachofungwa na kufunguliwa kama skrubu, na mwindaji anaweza kuwa na vitatu au vinne mfukoni.

Lakini mbano peke yake hautoshi. Lazima ulingane na risasi. Marisau ya chuma ni magumu kuliko ya risasi, na yakilazimishwa kupita kwenye mbano mkali yanaweza kuuharibu mtutu. Siku hizi kuna marisau ya tangsteni, madini mazito kuliko risasi kwa zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo kidonge kidogo sana kinafika mbali kikiwa bado na nguvu. Na bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza zisikubaliane kuhusu chakula. Kwa hiyo mwindaji anashauriwa afanye hivi: atundike karatasi umbali wa yadi 40, kama mita 36 na nusu, apige, achore mduara wenye upana wa inchi 30, kama sentimita 76, kisha ahesabu matundu. Mtutu usiobanwa huweka ndani ya mduara kama asilimia 40 ya marisau yake. Uliobanwa sawasawa huweka kama asilimia 70.

Niliacha kusoma hapo. Niliuona ungo wa bibi.

Kuna jambo jingine lililonichekesha, ingawa si la bunduki. Bata mzinga na kanga wameunganishwa na majina yaliyokosewa. Kanga wa Afrika walifika Ulaya kabla ya bata mzinga wa Amerika. Waingereza waliwaita kanga hao kuku wa Uturuki, kwa sababu waliwapata kwa wafanyabiashara waliopitia huko. Ndege wa Amerika alipoletwa katika karne ya 16, wakamchanganya na kanga, na jina la Uturuki likamhamia yeye hadi leo. Hata jina lake la kisayansi, Meleagris, ni neno la Kigiriki la kanga. Wahenga wetu walisema kanga hazai ugenini. Jina lake limezaa.

Basi swali lililobaki ni hili. Mbano ulikuwepo tangu 1866. Babu yangu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na alipima kwa kifuniko cha dawa hadi miaka ya 2000. Kwa nini miaka mia moja na zaidi ya ufundi haikufika mikononi mwake? Jibu rahisi ni umaskini, na umaskini umo. Lakini kuna jibu lenye tarehe.

Kilosa iko kwenye bonde la mto Mkondoa, na bonde hilo lilikuwa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Stanley alipita huko mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo waliteremka kwenda pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Nyingi zilikuwa bunduki zilizoachwa na majeshi ya Ulaya, ambayo yalikuwa yakibadilisha silaha haraka kiasi kwamba za zamani ziliuzwa kwa bei ya chuma chakavu.

Herufi zile nne kwenye bamba la gobore zinasomeka vizuri ukiongeza T mbele: TOWER. Ni chapa ya ghala la silaha la London. Lakini mafundi wa Liège, Ubelgiji, walitengeneza bunduki za kuuza Afrika wakazigonga chapa hiyohiyo, kwa sababu wanunuzi waliiamini. Kwa hiyo bunduki ya babu ilitoka London, au ilitoka Liège ikisema uongo.

Julai 1890 mataifa yalitia saini mkataba Brussels. Yalikuwemo mataifa makubwa ya Ulaya, Marekani, na Zanzibar yenyewe. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa, na si shabaha ya kubezwa, kwa maana vijiji vingi vya bara vilikuwa vimechomwa na watu wenye bunduki. Mkataba ulichora ukanda kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, ukapiga marufuku kuingiza humo bunduki za kisasa, isipokuwa kwa masharti yaliyoshikwa na serikali zenyewe. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida.

Soma tena tarehe hizo mbili. Mbano ulianza kuaminika Ulaya katika miaka ya 1870. Mwaka 1890 mlango ukafungwa. Ufundi wote uliofuata, wa mtutu na wa risasi, ulikua upande wa pili wa mlango huo.

Wajerumani waliongeza kufuli. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji zilizoweka vibali vya kulipia na kutenga maeneo ya kwanza ya akiba katika koloni. Uwindaji uliokuwa sehemu ya kilimo, kwa sababu anayelima karibu na pori analima pamoja na nguruwe na nyani, ukaanza kuhitaji karatasi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka Umatumbi, moto wake ukafika hadi upande wa Kilosa na milima ya Vidunda. Tunafundishwa shuleni kwamba wapiganaji waliamini maji yangegeuza risasi kuwa maji. Hatufundishwi sana walikuwa wameshika nini mikononi. Walishika mikuki, pinde na magobore. Tarehe 30 Agosti 1905, kwenye boma la Mahenge, walikutana na bunduki za mzinga wa rasharasha. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa katika vita vile, wengi wao kwa njaa, walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Baada ya vita bunduki zilikusanywa, mashamba yakaachwa, na pori likarudi mahali palipokuwa pamelimwa.

Waingereza walipochukua nchi waliendelea na mfumo wa vibali. Mzungu mwenye shamba la mkonge aliweza kuwa na bunduki ya mitutu miwili, yenye mibano miwili tofauti, na sanduku la risasi kutoka kiwandani ambazo kila moja ilipimwa sawa na mwenzake. Mkulima wa kijijini, akipewa kibali, kwa kawaida alipewa cha gobore, kwa ajili ya kulinda shamba. Baba yake babu alikuwa mmoja wao, na gobore lilimfikia babu kwa njia hiyo. Mwenye shamba la mkonge alinunua ulinganifu wa mtutu na risasi dukani. Mkulima aliutengeneza mwenyewe, kila msimu, kwa macho na kwa mkono.

Na kwa miguu. Hilo nililielewa nikiwa nimeishikilia ile bunduki kuukuu sebuleni kwa bibi. Mtutu usiobanwa unaweza kumpiga kanga kwa uhakika hatua ishirini, ishirini na tano. Zaidi ya hapo ni bahati. Mwenye mbano anaweza kukaa mbali. Asiye na mbano lazima asogee, na kumsogelea kanga ni kazi, maana macho yao ni mengi na mmoja akipiga kelele wote wanakimbia. Babu alitoka saa kumi usiku akakaa chini ya kichaka karibu na shamba la karanga, akasubiri kundi lishuke kutoka mitini walikolala. Alikaa saa mbili bila kukohoa. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya kipimo.

Mwaka 1964, miaka mitatu baada ya Uhuru, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa. Leo ina kilomita za mraba 3,230. Babu alikuwa kijana, na sehemu aliyokuwa akipita na baba yake ikawa upande wa pili wa mpaka. Sikuwahi kumsikia akiilaani hifadhi. Alisema watalii wanaleta pesa na wajukuu zake wataona tembo. Alisema tu kwamba kanga hawasomi vibao. Wanalala ndani, wanakula nje, na nje ni kwenye karanga zake.

Sasa nifike mahali ambapo bibi alikuwa akinisubiri nifike.

Nilimwambia nataka kuibakiza bunduki. Nilikuwa na hoja. Nilisema ni ushahidi. Nilisema ninaweza kuomba kibali maalumu, au kuifanya isiweze kupiga tena, au kuipeleka kwenye jumba la makumbusho. Nilimweleza habari za Brussels. Bibi alikuwa akichambua mchicha. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mchungaji.

"Mkono wa babu yako mkubwa unaukumbuka?" akaniuliza.

Naukumbuka. Kaka yake babu alikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu kwenye mkono wa kushoto. Tukiwa watoto tulidhani alizaliwa hivyo, kwa sababu alikuwa akifunga kamba za viatu kwa mkono huo kuliko sisi kwa miwili. Bibi ndiye aliyeniambia siku hiyo.

Ilikuwa mapema miaka ya 1980, wakati wa uhaba wa kila kitu. Sabuni haikupatikana, sukari haikupatikana, na baruti ya gobore nayo haikupatikana. Nguruwe pori walikuwa wakimaliza mahindi. Mtu mmoja akamletea babu mkubwa baruti aliyoitoa ndani ya risasi za kisasa. Ilikuwa safi, punje zake ndogo, haina moshi. Babu mkubwa akaipima kwa kipimo chake cha siku zote.

Hapo historia ya mtutu na historia ya risasi ziligongana. Baruti nyeusi, ile ya kawaida iliyoruhusiwa na mkataba wa Brussels, huwaka na kusukuma kwa mgandamizo ambao mtutu wa zamani unauvumilia. Baruti isiyo na moshi ilibuniwa Ufaransa mwaka 1884 na Paul Vieille, na nguvu yake ni kubwa mara nyingi kwa kipimo hichohicho. Ilihitaji chuma kipya na bunduki mpya, na bunduki mpya zikatengenezwa kwa ajili yake. Upande wetu wa mlango ilibaki mitutu ya zamani. Siku baruti mpya ilipopenya bila mtutu wake, ilimkuta babu mkubwa ameshika gobore kwa mkono wa kushoto, karibu na pale baruti inapokaa.

Mtutu ulipasuka kama ganda la mbegu. Bibi alisema walimpeleka hospitali juu ya baiskeli, na kwamba babu alisukuma baiskeli hiyo njia nzima bila kusema neno. Baada ya hapo ndipo alipoanza kupima kwa viroba na ungo. Kabla ya hapo alikuwa akipima kwa kukadiria kiganjani kama watu wengine wote.

"Wewe unaona Wazungu na mikataba," bibi akasema. "Mimi naona vidole. Vyote ni kweli, mke mwenzangu. Lakini wewe utarudi Dar es Salaam, na watoto wa jirani wataingia humu kucheza."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kurasa nane kuhusu nani aliruhusiwa kushika bunduki gani, na sikuwa nimeuliza kwa nini babu alikuwa mwangalifu kiasi kile. Nilidhani ni tabia. Nilidhani ni hekima ya wazee, neno ambalo sisi wasomi hulitumia tukiwa tumechoka kuuliza. Kumbe alama ile ya kisu kwenye kifuniko ilikuwa imekatwa na mtu aliyemwona kaka yake akipoteza vidole vitatu kwa kipimo kimoja.

Sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haimpi mjane silaha kwa sababu tu ilikuwa ya mumewe. Tulikwenda siku ya pili, mimi, bibi, na mwenyekiti wa kitongoji, gobore limefungwa ndani ya khanga. Khanga hiyo, kwa bahati tu, ilikuwa ya madoadoa meupe, kama zile za mwanzo zilizofananishwa na manyoya ya kanga. Kabla ya kuondoka nilipima upana wa mtutu kwa rula, nikapiga picha herufi zile nne, nikahesabu mizunguko ya waya wa shaba. Bibi aliniacha nifanye hayo yote. Alinishikia hata taa.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana, pengine ananizidi miaka miwili. Aliuliza kama lina kitu ndani. Nikamwambia halina. Akateremsha mdeki ndani ya mtutu mwenyewe kuhakikisha, taratibu, akisikiliza ukigonga chini, na kwa namna alivyofanya nilijua kwamba kwao pia kuna babu. Akaandika kwenye daftari: gobore, moja. Bibi akaweka kidole gumba kwenye wino. Hatukuchukua hata dakika ishirini.

Kifuniko sikukisalimisha. Si silaha. Kiko mezani kwangu ninapoandika haya, na ndani yake kuna weusi ambao sijauosha. Nilijaribu kupima ujazo hadi kwenye ile alama kwa maji na bomba la sindano lisilo na sindano, nikaandika namba, kisha nikaona kwamba namba hiyo haina maana tena. Ilikuwa sahihi kwa mtutu mmoja tu duniani, na mtutu huo umekwenda.

Usiku ule bibi alilala. Nilimsikia akikoroma upande wa pili wa ukuta, jambo ambalo alikanusha asubuhi. Tulipokuwa tunakunywa chai tukasikia zile kelele zao za kukwaruza, kama bawaba isiyo na mafuta. Kanga walikuwa ndani ya karanga, kundi zima, wakifukua mistari kwa mpangilio kana kwamba wamelipwa.

Bibi aliweka kikombe chini. Akachukua debe na fimbo, akavaa ndala zake, akatoka.

"Njoo," akasema. "Wewe pitia kule juu."

Nikapitia kule juu.